Mwongozo kamili wa kumlisha mkunga mdogo kwenye akwariamu, kuanzia usiku wa kwanza mpaka anakula mwenyewe

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "nimepata mkunga mdogo, leo siku ya tisa hajala kitu, nifanyeje?" Na ukimuuliza huyo mtu anamlisha nini na saa ngapi, majibu yanafanana karibu kila mara. Asubuhi anamwagia vile vyakula vya samaki wa mapambo vinavyoelea, au makombo ya mkate, au ugali, anakaa mbele ya kioo anasubiri, mkunga hatoki, chakula kinazama kinaoza, maji yanachafuka, wiki ya pili au ya tatu samaki kafa alafu mtu anasema huyu samaki hafugiki.

Anafugika jamani. Ila mkunga hali kwa macho, anakula kwa pua, anakula gizani, na akiwa mdogo anakula karibu na maficho yake tu. Mi wa kwanza alinifia kwa sababu aliyeniuzia aliniambia "huyu anakula chochote" nikaamini, nikawa namlisha mchana kweupe kama wale samaki wengine. Iliniuma sana kwa sababu hakuwa mgonjwa, alikufa njaa huku chakula kipo mita moja kutoka alipo. Ndo maana naandika hii yote, soma mpaka mwisho kabla hujaweka kitu kwenye maji.

## Kwanza hakikisha ni mkunga

Nazungumzia mkunga wa mtoni, yule mrefu mwembamba anayeteleza, anazaliwa baharini alafu akiwa mdogo anaingia midomo ya mito na kupanda juu. Huku kwetu unampata Pangani, Ruvu, Rufiji, na upande wa Kenya mto Tana na Sabaki. Angalia pezi lake: ni moja tu refu linaloanzia mgongoni, linazunguka mkia, linarudi tumboni bila kukatika, na nyuma ya kichwa ana vipezi viwili vidogo kama masikio. Hana sharubu.

Ukiona sharubu, huyo ni kambare. Ukiona mapezi manne yanayoning'inia kama nyuzi, huyo ni kamongo. Na yule anayeuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo mwenye pua iliyochongoka na vimiiba vidogo vidogo mgongoni sio mkunga wa kweli, ila kwenye kula wanafanana sana, kwahiyo mwongozo huu unamfaa pia kasoro vipimo.

Jambo lingine la muhimu: usimchukue aliyevuliwa kwa ndoana. Ndoana inachana koo au inabaki ndani, na samaki wa hivo hata umpe nini hatakula. Ongea na wavuvi wakutafutie aliyeingia kwenye mtego au wavu, na pitia kwa afisa uvuvi au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) ya hapo ujue taratibu zao kabla hujambeba.

Na jua unachokiingia. Sasa hivi yuko kama penseli, ila wapo mikunga wa mito yetu wanaopita mita moja na nusu, na wanaishi miaka mingi. Kama huna mpango wa tanki kubwa huko mbele, bora usianze.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

Nasema kabla, sio baada. Wengi wanaleta samaki leo alafu kesho ndo wanatafuta vifaa.

- Tanki la lita 80 kwenda juu kwa mkunga wa sentimita 10 mpaka 20. Dogo zaidi ya hapo maji yanachafuka haraka mno ukianza kulisha nyama.
- Mfuniko unaobana kila upande, na sponji za kuziba matundu yote ya nyaya na mipira. Tundu likipitisha kichwa chake basi atatoka, na asubuhi utamkuta chini ya kochi amekauka. Weka kitu kizito juu ya mfuniko.
- Filta ya sponji na pampu ya hewa. Filta iwe imeshafanya kazi wiki 4 mpaka 6 kabla, ili bakteria wa kula uchafu wawe wameota humo. Ukiweza kuomba sponji ya zamani kwa mtu mwenye tanki lenye afya utaokoa muda mwingi.
- Vipande viwili vya bomba la PVC, virefu kidogo kuliko samaki, tundu liwe pana kidogo kuliko mwili wake. Anapenda kuguswa na kuta pande zote, bomba pana sana halimpi amani.
- Mchanga laini ulioshwa vizuri. Kokoto zenye ncha zinamchubua.
- Kipimajoto, na vipimo vya amonia (sumu inayotoka kwenye chakula na uchafu unaooza majini) kama utavipata.
- Kibano kirefu cha plastiki au mti, sirinji isiyo na sindano, kisahani kidogo cha udongo au glasi, na mpira wa kunyonyea uchafu.
- Tochi, na karatasi ya nailoni nyekundu ya kufunika mbele yake. Mwanga mwekundu haumsumbui kama mweupe, utaweza kumwangalia anakula.
- Chakula chenyewe: nyungunyungu, kamba wabichi, mnofu wa perege au sato. Maelezo yanakuja.

Hita inategemea unakaa wapi. Dar, Tanga, Mombasa huihitaji. Arusha, Mbeya, Nairobi mwezi wa saba utaihitaji, kwa sababu maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu ya kula inapungua sana na utadhani anaumwa. Lenga 24 mpaka 28. Ila hita lazima iwe na kizuizi cha plastiki kinachoizunguka, mkunga anapenda kujibanza kwenye vitu na anaungua ubavu bila kusogea.

Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi saa 24, ikiwezekana na hewa inapigwa ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima chenye chumvi kidogo hayamsumbui sana maana ni samaki wa kutoka baharini, kinachomsumbua ni kubadilishiwa ghafla.

## Hatua ya 1: siku tatu za mwanzo usimpe kitu

Najua ni ngumu. Umefika nae umefurahi unataka umuone anakula. Usifanye hivo.

Samaki aliyetoka kubebwa kwenye mfuko amechoka, ute wake umechubuka, na ukimwekea nyama hataigusa, itaoza, na amonia itapanda kabla hata hajapumua vizuri. Mkunga mwenye unene wa penseli anakaa wiki bila kula na asidhurike, kwahiyo siku tatu sio adhabu. Aliye mdogo sana, yule wa sentimita 6 au 7 ambaye mwili bado unapitisha mwanga kama kioo, huyo usimcheleweshe, mpe usiku wa pili.

Zima taa ya tanki, funika pande tatu kwa kitambaa au magazeti, acha upande mmoja wa kuchungulia. Usigonge kioo. Usihamishe bomba kila saa kuangalia kama yupo.

Kama utalazimika kumshika tumia mfuko laini uliolowa au chombo chenye maji. Wavuvi wetu wana ile tabia ya kupaka majivu au mchanga mikononi ili asiteleze, kwa samaki wa mboga ni sawa, kwa wa kufuga hapana kabisa, ule ute unaoutoa ndo kinga yake dhidi ya magonjwa.

Utajua hatua hii imekubali ukipita usiku wa pili au wa tatu na tochi nyekundu ukakuta kichwa kimetoka mdomoni mwa bomba, kimetulia, mashavu yanapanda na kushuka taratibu. Kama bado anaogelea juu na chini kwenye kona akitafuta njia ya kutoka, ongeza giza na ongeza siku mbili.

## Hatua ya 2: mchagulie sehemu moja na saa moja

Weka kisahani chini, kama sentimita 5 kutoka mdomo wa bomba. Hapo ndo mezani kwake, na usihamishe tena.

Saa ya kula iwe ileile kila siku, mi natumia saa tatu usiku, yani giza likiwa limeshakaa kama saa mbili na watu ndani ya nyumba wametulia. Dakika 20 kabla zima taa ya chumba. Punguza nguvu ya pampu au geuza mkondo wa maji usipige kwenye kisahani, kwa sababu mkondo mkali unatawanya harufu tanki zima na samaki anashindwa kujua chakula kiko wapi.

Kwa nini nasisitiza kisahani? Sababu mbili. Moja, mkunga anafuata harufu mpaka chanzo chake, na chanzo kikiwa palepale kila usiku anajifunza haraka sana, baada ya wiki utakuta anasubiri. Mbili, mabaki yanakaa sehemu moja, unayatoa kwa sekunde, hayapotelei kwenye mchanga.

## Hatua ya 3: chakula cha kwanza ni nyungunyungu

Usianze na kitu kingine. Nimejaribu kamba, nimejaribu samaki, nimejaribu ile minyoo myekundu ya barafu inayouzwa madukani, yote inafanya kazi kwa kiasi chake, ila kwa mkunga aliyegoma hakuna kinachomshinda nyungunyungu aliyekatwa saa hiyohiyo. Ndo chambo anachojua mtoni, na majimaji yake yana harufu inayomtoa shimoni.

Chimba kwenye udongo wenye unyevu, chini ya mgomba au pembeni ya karo la maji safi. Usichukue shamba lililopigwa dawa, wala karibu na choo. Na kuna wale wembamba wekundu wenye mistari wanaokaa kwenye rundo la mbolea ya samadi, wale ukiwakata wanatoa majimaji ya njano yenye harufu mbaya na samaki wengi wanawatema. Wewe tafuta wale wa kahawia au wa pinki wa udongoni.

Waweke usiku mmoja kwenye chombo chenye karatasi au kitambaa kilicholowa ili watoe udongo tumboni. Kesho yake waoshe, kata kwa wembe vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Kama mkunga wako ni wa sentimita 10 kata nusu ya hapo. Kipande kisizidi upana wa mdomo wake.

Sasa sikiliza mpangilio maana hapa ndo wengi wanakosea:

Kwanza chukua yale majimaji yaliyobaki kwenye kibao cha kukatia, yachanganye na maji kidogo ya tanki, vuta kwa sirinji, alafu achilia matone matatu manne taratibu juu ya kisahani. Subiri dakika mbili. Hujaweka chakula bado, umemgongea mlango tu.

Utaona pua. Mbele ya mdomo wa mkunga kuna vijibomba viwili vidogo, ndo matundu ya pua yake, vitaanza kuelekea huku na huku na kichwa kitakuwa kinapepea kushoto kulia. Hapo ndo unashusha vipande viwili kwa kibano, unaviacha kwenye kisahani, unaondoa mkono polepole. Ondoka. Kaa mbali. Angalia kwa tochi nyekundu baada ya dakika 10.

Usimsukumie kipande mdomoni usiku wa kwanza, atarudi ndani na anaweza asitoke siku mbili. Kulishwa kwa kibano kutakuja akishakuzoea, na kwa kweli ni raha sana ukifikia hapo, anakuja mwenyewe anachukua kama mtoto.

Ikipita saa moja hajagusa, toa vyote, jaribu kesho. Mpe usiku tano mpaka saba za kujaribu hivihivi kabla hujasema amegoma. Wa kwangu wa pili alikula usiku wa nne, kipande kimoja tu, nilitaka kuamsha nyumba nzima.

Kama kisima au ndoo zako za nje zina viluwiluwi vya mbu, hao nao ni chakula kizuri mno kwa mkunga mdogo sana, wanachezacheza majini na yeye anawafuata. Wachuje, waoshe, mpe. Ila usifuge mbu kwa makusudi. Dar tumeshapigwa na homa ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani kama hivohivo.

## Hatua ya 4: kiasi gani

Hapa watu wanaua samaki kwa upendo.

Mkunga wa sentimita 10 ana uzito wa gramu moja hivi. Wa sentimita 15 kama gramu 4 au 5. Wa sentimita 20 kama gramu 10, na wa 30 ni kama 40. Ukiwa unampa chakula kibichi, asilimia 3 mpaka 5 ya uzito wake kwa siku inamtosha. Yani huyo wa sentimita 15 anahitaji nyama isiyofika robo gramu! Ni kama vipande sita mpaka nane vya ukubwa wa punje ya mchele basi. Ukimpa nyungunyungu mzima mnene umempa chakula cha siku kadhaa, na atakachotapika au kuacha kitaharibu maji ya samaki wa gramu 5.

Huna mzani wa hivo? Tumia tumbo. Kabla ya kula, mwangalie kutoka juu, mwili wake unakuwa mnene sawasawa toka nyuma ya kichwa mpaka katikati. Baada ya kula tumbo linatakiwa liwe limevimba kidogo tu, kama mtu aliyekula akashiba vizuri. Likiwa na nundu inayoonekana toka mbali, umezidisha, kesho usimpe.

Mpe kipande kimoja kimoja na acha mwenyewe akiwa bado ananusa kisahani. Ukisubiri mpaka agome, umeshapitiliza.

Kitu kimoja ambacho kinawatisha wengi: akikamata kipande kikubwa kuliko mdomo wake anajizungusha mwili mzima kwa kasi kama bisibisi. Sio degedege, hajapata ugonjwa, ndo namna yake ya kukata nyama kwa sababu hana meno ya kukatia. Ila ni taarifa kwako kwamba umekata vipande vikubwa, maana akizunguka hivo vijinyama vinatawanyika kila kona.

## Hatua ya 5: toa mabaki usiku huohuo

Saa moja baada ya kuweka chakula, kilichobaki kitoke. Sio asubuhi, usiku huohuo, kabla hujalala. Kwenye maji ya nyuzi 27 au 28 nyama mbichi inaanza kuoza haraka, inatoa amonia, amonia inachoma mashavu na ngozi ya samaki, anapoteza hamu ya kula, wewe unaona hali unamwekea zaidi ili umshawishi, nayo inaoza, na unaendelea hivo mpaka anakufa. Karibu kila mtu aliyeniandikia kwamba mkunga wake "aliacha kula ghafla" tulipochimba tulikuta ni hii.

Nyanyua kisahani taratibu, nyonya kilichodondoka pembeni kwa mpira. Mara moja kwa wiki badilisha robo ya maji mpaka theluthi, ukiwa unalisha kila siku fanya mara mbili. Sponji ya filta ioshe kwenye ndoo ya maji ya tanki uliyotoa, usioshe bombani, klorini itaua wale bakteria wote uliowasubiri mwezi mzima.

Kama una vipimo, amonia na nitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zisome sifuri. Kama huna, tumia pua yako na macho, maji yakinuka shombo au yakiwa na ukungu mweupe, simamisha chakula siku moja na badilisha maji kwanza.

Umeme ukikatika usiku wa kulisha, usilishe. Samaki aliyeshiba anahitaji hewa nyingi zaidi, na pampu haifanyi kazi. Subiri urudi.

## Hatua ya 6: mhamishe taratibu kwenye vyakula vingine

Akishakula nyungunyungu usiku saba mfululizo bila kusumbua, anza kumzoesha vingine. Huwezi kuchimba minyoo maisha yako yote, na kiangazi kikikaza utachimba mpaka jasho likutoke usipate hata mmoja. Pia chakula cha aina moja kwa miezi hakimjengi.

Namna ninayofanya mimi: siku tatu za kwanza, vipande vitatu vya nyungunyungu na kimoja cha kamba mbichi aliyemenywa, vyote vimechanganywa kwenye kikombe pamoja na yale majimaji ya nyungunyungu ili vyote vinuke sawa. Siku tatu zinazofuata nusu kwa nusu. Alafu kimoja kwa vitatu. Akikataa rudi nyuma hatua moja, usimlazimishe kwa njaa.

Kamba awe mbichi, asiwe wa chumvi wala wa kukaangwa, ondoa ganda na ule mshipa mweusi. Mnofu wa perege au sato toa miiba yote na ngozi. Samaki na kamba wote wagandishe kwenye friza walau wiki moja kabla ya kuwatumia, inapunguza minyoo na vimelea. Kugandisha nako kuna akili yake: kata vipande kwanza, panga kwenye nailoni bila kushikana, ndo ugandishe, hivo kila siku unachukua vya siku hiyo tu. Viyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tanki, usimpe vya baridi.

Tahadhari kubwa ni hii. Baadhi ya samaki wa aina ya dagaa na baadhi ya kamba wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ukimlisha hao peke yao miezi mingi samaki anaanza kupoteza mwelekeo, anaogelea ubavu, anatetemeka. Kwahiyo hao wawe sehemu tu ya chakula, nyungunyungu na perege wabaki kuwa mhimili.

Chakula cha punje kinachozama, kile cha wenye mabwawa ya kambare, kinaweza kuingia mwishoni kabisa. Kiloweke kwenye majimaji ya kamba mpaka kilainike, kata vipande, changanya kama nilivosema hapo juu. Kuna wanaokubali na kuna wasiokubali maisha. Wa kwangu hajakubali mpaka leo na sijamsumbua.

Vya kutompa kabisa: mkate, ugali, wali, nyama ya ng'ombe yenye mafuta, kuku, maini, dagaa wa kukausha wenye chumvi, na samaki wadogo hai wa kuokota mtaroni maana wanaleta magonjwa ndani ya tanki. Na usimchanganye na samaki wadogo wa mapambo ukadhani wataishi pamoja, usiku kila kinachoingia mdomoni ni chakula.

## Hatua ya 7: ratiba kadri anavokua

Chini ya sentimita 10, kidogo kidogo mara mbili kwa usiku, mfano saa mbili na saa tano. Sentimita 10 mpaka 20, mara moja kila usiku, na usiku mmoja kwa wiki apumzike. Sentimita 20 mpaka 30, usiku mmoja anakula, mmoja anapumzika. Akipita 30, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kabisa, na vipande viwe vikubwa kidogo.

Mpime kila mwezi kwa kulinganisha na bomba lake ambalo unalijua urefu, usimtoe majini. Andika kwenye daftari alikula nini na vipande vingapi, hata kwa mstari mmoja. Siku akigoma hilo daftari litakuonyesha kilichobadilika.

## Akigoma baada ya kuwa anakula

Fuata mpangilio huu, usiruke.

Angalia joto. Kama limeshuka nyuzi tatu nne, hapo ndo penye sababu, hasa kipindi cha baridi.

Alafu maji. Badilisha theluthi, subiri siku mbili, ndo ujaribu tena.

Alafu jiulize nini kimehama. Umebadilisha bomba? Umehamisha tanki karibu na televisheni au spika? Umeongeza samaki mwingine? Mkunga anashika sana mazingira yake, mmoja wa jamaa zangu alipaka rangi ukuta wa chumba na samaki akakaa siku kumi hali, harufu ya rangi ilipoisha akarudi kama kawaida.

Mwisho mwangalie mwili. Kichwa kikianza kuonekana kikubwa kuliko shingo, mgongo ukachongoka kama kisu, tumbo likaingia ndani, huyo ana njaa ya hatari, rudi kwenye nyungunyungu waliokatwa muda huohuo, vipande vidogo sana, kila usiku, na ongeza giza. Tumbo likiwa limevimba gumu siku nyingi huku hali na hatoi choo, mpumzishe na chakula siku tatu mpaka nne, joto liwe 26 mpaka 28, na ukirudi anza na vipande viwili tu. Ukiona madoa meupe, ngozi inachunika au ana wekundu tumboni na kwenye pezi, tafuta mtu wa mifugo anayejua samaki. Usimwagie dawa za madoa meupe za samaki wa mapambo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mkunga ana magamba madogo sana yaliyozama ndani ya ngozi na dawa nyingi zinamuumiza, hasa zenye shaba.

## Ukisafiri

Siku nne tano muache hivohivo bila chakula kama anazidi sentimita 15 na alikuwa anakula vizuri. Badilisha maji siku moja kabla ya kuondoka na siku hiyo usimlishe. Usimwachie jirani au dada wa kazi kopo zima la chakula, hata awe mtu makini vipi ataona "mbona kidogo" na ataongeza. Ukienda zaidi ya wiki, funga vipande vya kila usiku kwenye karatasi zake za nailoni, andika siku juu yake, weka friza, alafu mwonyeshe kwa vitendo usiku mmoja ukiwa bado upo: zima taa, weka kwenye kisahani, rudi baada ya saa moja toa kilichobaki, funika, rudisha lile jiwe juu ya mfuniko.